Risasi iliyopasuka Bukundi na fundi aliyejua kwa nini

Domitila Bundala hagusi bunduki kwanza. Anaomba ganda la risasi.

Mashimba, mfugaji wa Bukundi, analitoa kwenye mfuko wa shati. Ni ganda dogo la shaba, na ukingo wa kitako chake umechanika. Chini ya jicho lake la kulia kuna plasta. Alikuwa akimfyatulia mbweha aliyenyemelea mbuzi, kipande cha shaba kikaruka nyuma.

"Kingepanda kidogo tu, leo ningekuwa chongo," anasema.

Kaka yake, Yakobo, amekataa kiti. Anamwita Domitila "mama" kwa Kisukuma, lakini sauti yake ni kavu. "Mayu, bunduki hii uliitengeneza wewe. Tumekuja utuambie uliifanya nini."

Ni kweli. Mwaka jana Domitila alibadilisha springi ya bolti, chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu. Tangu ajali hiyo, maneno yamezagaa mnadani hadi Bariadi mjini kwamba bunduki iliyotengenezwa na mwanamke imemgeuka mwenye nayo. Kwa fundi anayeishi kwa leseni na jina, maneno hayo yanatosha kufunga karakana.

Domitila, 47, alifundishwa kazi na baba yake, fundi wa magobore. Mzee alipofariki, wateja walikuja kuchukua bunduki zao hata zilizokuwa hazijakamilika.

"Walisema watarudi nikiolewa na fundi. Nikaolewa na mwalimu," anasema akicheka.

Alikwenda Mwanza kusomea bunduki za kisasa, akarudi na leseni yake, akafungua mlango uleule wa karakana ya baba yake. Msimu wa pamba watu huwa shambani na kazi hukauka, naye huchomelea majembe ya kukokotwa na ng'ombe ili watoto wale.

Sasa analigeuza ganda kwenye mwanga. Anamulika mtutu kutoka nyuma: mweupe, hakuna kilichoziba. Anazikagua risasi zilizobaki, hazina kutu wala mbonyeo. Anafunga bolti, anaitikisa. Imekaza.

"Basi ni nini?" Yakobo anauliza.

Domitila anachukua sindano. Anapitisha ncha yake kwenye mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa. Sindano inakwama. Kuna kishimo, na chuma kilichosukumwa kimejikunja ndani.

Anafafanua polepole. Risasi hizi ndogo hupigwa ukingoni, na shaba yake ni nyembamba. Ukingo unapokalia kishimo, hauna cha kuushika nyuma. Moto ukiwaka, unapasukia hapohapo. Analipachika ganda, na mchaniko unakaa sawa juu ya kishimo.

"Pini ndiyo imechimba hapa," anasema, akifungua bolti. Pini inayoipiga risasi inaanguka kiganjani. Ni msumari uliokatwa na kusuguliwa kwa tupa, mrefu kuliko inavyotakiwa.

Yakobo anamgeukia mdogo wake.

"Pini yake ya awali ilivunjika," Mashimba anasema kwa sauti ya chini. "Nikachonga mwenyewe. Kila jioni nilikuwa naifyatua tupu, kuona kama inapiga."

"Na kila ulipofyatua bila risasi, ulikuwa unaupiga mtutu nyundo," Domitila anamjibu. Hapandishi sauti. "Mngeniletea pini tu, baba."

Yakobo anavuta kiti, anakaa. "Tumekukosea, mayu. Mnadani nitasema mwenyewe, kwa mdomo huuhuu."

Domitila anachonga pini mpya kwa chuma kigumu na kuurudisha mdomo wa chemba kwa chombo cha kusukumia chuma alichorithi kwa baba yake. Kesho yake, kwenye uwanja wa shabaha, anaifunga bunduki juu ya matairi na kuifyatua kwa kamba akiwa nyuma ya ukuta. Maganda yanatoka mazima, moja baada ya jingine. Mashimba anayaokota yote, anayakagua kama mtu anayechagua mbegu.

"Wabeja, mayu," anamshukuru.

Yakobo ametimiza ahadi. Juzi wenye bunduki wa Mwamanyili walituma ujumbe: wanaomba fundi akawakagulie bunduki kabla mahindi hayajaanza kuliwa na ngedere. Domitila anapanga kuanzia huko, kisha Nyalikungu, kisha Bukundi, akiwafundisha wamiliki kuzijua dalili za hatari kabla risasi haijapasuka.

"Zamani walikuja kuchukua bunduki zao mikononi mwangu," anasema, akifunga boksi la vifaa. "Sasa wananiita nizifuate nyumbani kwao. Nitakwenda."