Mita Tatu za Kitambaa cha Kwaya

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nashika upindo wa nguo niliyovaa, nione kama unatosha. Utaelewa kwa nini. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka wa tisini na mbili, hapa hapa Kigali, mtaa wa Nyakabanda. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, fundi wa cherehani, tena fundi hodari. Usinicheke. Kwa kushona kola hapakuwa na wa kunifikia mtaani, na mimi mwenyewe nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Mama Verediana, mjane mmoja mtaratibu aliyenifundisha kazi tangu kupitisha uzi kwenye sindano. Hakuwa mwingi wa maneno. Lakini lipo jambo alilolirudia mpaka likanichosha: nguo ya mtu iachiwe upindo wa vidole vinne, ili akinenepa au nguo ikisinyaa, iwepo akiba ya kuachilia. Kila gauni nililomaliza alilipindua, akaweka vidole vyake vinne pale chini, kisha akanirudishia.

Nilikuwa pia mwanakwaya, sauti ya kwanza. Mwaka huo kwaya yetu iliamua kushona sare mpya kwa ajili ya Pasaka. Akina mama walijinyima, wakaenda Biryogo dukani kwa Mzee Sadiki, wakanunua jora zima la kitambaa cha buluu chenye mistari myembamba ya dhahabu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, mita tatu kwa kila mmoja. Kazi nikapewa mimi. Nilitembea wiki nzima shingo juu kama niliyechaguliwa kuwa waziri.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Wiki moja baada ya Pasaka, rafiki yangu alikuwa anaolewa kule Niboye, na mimi sikuwa na gauni la maana. Nikalikunjua lile jora mezani, nikaliangalia lilivyong'aa, na shetani hakuhitaji hata kunishawishi sana. Kabla sijakata gauni la mtu yeyote, nilijikatia mita tatu za pembeni, mbali na zile za sare yangu, nikazificha sandukuni chini ya mashuka. Nilijiambia kwamba nikipunguza upindo kidogo hapa na mkanda kidogo pale, zile mita zitajifidia zenyewe.

Hazikujifidia. Nilibana, nikabana tena, nikimkwepa Mama Verediana asiyapindue, magauni kumi na moja yakapatikana. La kumi na mbili lilikuwa la Anastazia, mama mmoja mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, na kitambaa kikaishia mabegani. Siku ya kujaribu nguo alisimama katikati ya wenzake, akanyoosha mikono mitupu.

"Konso, mikono yangu iko wapi?"

Wote wakanitazama. Na mimi, mwanangu, niliyekuwa nimetoka kuimba wimbo wa mateso ya Bwana muda mfupi tu kabla ya hapo, nikasema, "Mzee Sadiki ametupunja. Kitambaa hakikutimia."

Lilinitoka jepesi kabisa. Walivyoniamini ndivyo nilivyozidi kuogopa, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza mara mbili. Anastazia alisema wenye maduka ndivyo walivyo, mwingine akaongeza la kwake, na kabla ya Jumapili maneno yalikuwa yamefika Biryogo. Mzee Sadiki alikuwa Mwislamu mwenye ndevu zilizoanza mvi, muuza vitambaa tangu mama yangu akiwa msichana. Watu waliozoea kununua kwake wakaanza kupita mlango wake kwenda duka la mbele. Nilijua, na nilinyamaza. Niliona haya, lakini hofu ya kuumbuka ilikuwa kubwa kuliko haya.

Asubuhi moja alikuja mwenyewe pale barazani. Mkononi alishika mita yake, ile fimbo ya mbao ya kupimia, iliyolainika kwa kushikwa miaka mingi. Alimsalimia Mama Verediana kwa heshima, kisha akaiweka mbele yangu juu ya cherehani.

"Binti, iko na tepu?"

"Ninayo, Mzee."

"Basi pima hii fimbo yangu. Kama iko fupi, mimi mwenyewe nitaivunja hapa, watu ya barabara ione."

Nilipima. Nikapima tena. Sentimita mia moja, wala haikupungua unywele. Alinisubiri nilisome lile jibu kwa sauti, nami nikalisoma kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Hakunituhumu. Alisema tu, "Mimi nazeeka, binti. Duka nitaachia watoto. Sasa nitaachia wao duka gani, yenye watu inaita ya mwizi?" Akachukua fimbo yake, akaaga, akashuka ngazi polepole.

Mama Verediana alikuwa akishona muda wote huo. Mashine yake ikasimama. Akainuka, akachukua gauni moja la kwaya lililotundikwa, akalipindua na kuweka vidole vyake vinne. Upindo ulifika kwenye kidole kimoja. Akachukua la pili, la tatu, mpaka la kumi na moja. Sijawahi kuona mtu akipima taratibu namna ile.

"Mwana wanjye, mwanangu," aliniambia, "yule mzee amekuja na mita yake mchana kweupe, akaiweka mbele ya watu. Wewe yako iko wapi?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie nimalize, wala hakunipa leso.

"Cherehani yangu nitakuachia siku nikifa," akasema. "Jina langu siwezi kukuachia, lazima ujitafutie la kwako. Na la yule mzee, ulilolichukua, utalirudisha mwenyewe, kwa mguu wako."

Mwanangu, nilijua ninachokwenda kupoteza. Kwaya ingenifukuza, wateja wangenikimbia, na mtaani ningeitwa mwizi mpaka nizeeke. Usiku ule sikula. Lakini Jumapili baada ya misa nilibeba zile mita tatu mikononi, nikaingia kwenye chumba cha mazoezi, nikaziweka mezani. Nikasema yote. Kisha nikawaomba jambo moja: wanisindikize dukani kwa Mzee Sadiki, kwa sababu waliokuwa wamesikia uongo wangu ni wao.

Tulikwenda wote, tukajaa mlangoni. Nilianza kusema kwa sauti ya chini. Mzee akainua mkono.

"Sema kwa nguvu. Ile ya uongo ilifika mpaka sokoni. Na hii ifike."

Nikasema kwa nguvu. Wapita njia wakasimama. Muuza mkaa wa ng'ambo akaacha kazi yake akanisikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza, Mzee Sadiki alimwambia mkewe alete chai kwa wageni. Sikustahili ile chai, lakini niliinywa, na naikumbuka tangawizi yake hadi leo.

Kwaya ilinisimamisha miezi sita. Pasaka nilikaa benchi la nyuma kabisa, nikawatazama wenzangu wakiimba wamevaa magauni niliyoyashona. Pindo zote nilikuwa nimezifungua na kuongeza kitambaa kutoka zile mita tatu, na Anastazia alikuwa na mikono mizuri mirefu, akiipunga makusudi ili niione. Yule mama! Kuanzia siku hiyo nilijiwekea desturi: nguo ya mteja nikiimaliza, vipande vyote vilivyobaki, hata vya ukubwa wa kiganja, navikunja, navifunga kwa uzi na kumrudishia pamoja na nguo yake. Mafundi wenzangu walinicheka, maana kwetu sisi mabaki ni ya fundi tangu zamani. Wakanipa jina, Konso wa Vipande. Walinidhihaki mwaka mmoja. Mwaka wa pili wateja wakaanza kuwauliza wao vipande vyao viko wapi.

Kisha ukaja ule mwaka wa tisini na nne. Mambo yake siyasimulii hapa, hayaingii katika hadithi ya gauni. Nitasema tu kwamba Mama Verediana hatukumpata tena, na Anastazia pia, na wengi wa ile kwaya. Niliporudi Nyakabanda mwisho wa mwaka, baraza lilikuwepo bila mlango, na cherehani zote mbili zilikuwa zimechukuliwa. Niliketi sakafuni. Sikuwa na sindano hata moja.

Siku ya tatu niliona mzee akija taratibu, na nyuma yake mkokoteni. Ndevu zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote, na alikuwa amekonda. Juu ya mkokoteni ilikuwapo cherehani ya mkewe, na jora zima la kitambaa cha khaki.

"Watoto ya shule haina nguo," Mzee Sadiki akaniambia. "Macho ya mke wangu haioni tena kushona. Wewe shona."

Nikapapasa shingoni kutafuta tepu, kwa mazoea, nikakumbuka sina. "Mzee, hili jora lina mita ngapi? Tupime kwanza, wewe ukiwepo."

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu nirudi.

"Kupima ya nini? Si ni wewe?"

Akageuka, akaenda zake. Mwanangu, mimi nimepewa vyeti, nimefundisha wasichana zaidi ya niwezavyo kuwataja, nimewashonea maharusi wa Kigali hii. Lakini sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna siku ile, nikiwa peku, kwenye baraza lisilo na mlango.

Basi wewe unayeanza kazi wiki ijayo kule Kacyiru, kwenye ofisi ya vioo, beba haya. Kazi ya mtu ikiwa mikononi mwako, mpe yote iliyo yake, hata ile asiyojua kwamba ni yake. Ukikosea, usimtafute wa kumtwika. Na ukiwa umeshamtwika, nenda ukamtue mwenyewe, kwa sauti ile ile uliyomtwikia, hata kama miguu inakataa. Kusali tutasali wote, lakini jirani asiye wa kanisa lako atakujua Mkristo kwa namna unavyomtendea dukani kwake.

Mungu aliyenivumilia mimi akulinde na wewe. Akupe mikono safi na wateja wabishi wa kukunyoosha. Na siku utakapokuwa huna kitu, akuletee mtu atakayekukabidhi jora lake, ageuke, aende zake bila kupima.