Ngozi Mbichi na Waya wa Redio

Wiki iliyopita fundi wa televisheni alikuja kwangu Yamumbi kunifungia antena. Alikata kebo kwa kisu alichokipasha moto jikoni, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebule nzima. Akaniuliza kama ni moshi unanitoa machozi. Nikamwambia ndiyo, ni moshi. Ninyi nitawaambia ukweli: nilikuwa namlilia baba yangu.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni, tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Ainabkoi. Wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, kwa sababu hata mezani hakuivua. Baba alimfanyia kazi, na kwa ajili hiyo tuliruhusiwa kuwa na nyumba, kijishamba cha wimbi na ng'ombe wetu wachache. Kazi ikiisha, na hivyo vingine vimeisha. Hilo hata sisi watoto tulilijua.

Bwana Kofia alikuwa amepewa redio ya kuzungumza na polisi wa Eldoret. Antena ilikaa juu ya mlingoti mrefu, na kutoka huko waya mweusi, mnene kama kidole, ulishuka hadi dirishani kwake. Mimi na kaka yangu Kiptoo tulikuwa tukiutegea sikio tuyasikie maneno ya polisi yakipita. Kiptoo aliapa kwamba alimsikia askari akikohoa. Mimi sikuwahi kusikia kitu, na nilimwonea wivu sana.

Upepo wa kule hauna huruma. Uliupigapiga ule waya kwenye mlingoti mchana kutwa mpaka vishikizo vyake vikang'oka, na Bwana akamwagiza baba aufunge. Baba akaufunga kama alivyofunga kila kitu cha maana, mapaa, malango, hata kiti kilicholegea. Alichukua ngozi mbichi ya fahali wetu, ambayo mama alikuwa ameshaipigia hesabu iwe ya kulalia, akaikata kanda ndefu, akazilowesha, akapanda nazo juu. Ngozi ya namna hiyo ikikauka hujikaza yenyewe. Mama alinuna siku nzima, lakini alipotoka na kuuona waya umetulia tuli, ilibidi acheke.

"Hiyo sasa haitoki mpaka Yesu arudi," alisema.

Jua la Januari likazikausha zile kanda, na redio ikanyamaza.

Polisi walikuja. Waliutazama waya kutoka chini wakaona haujakatwa popote, ila wakaambiwa nani aliushika mwisho. Wakamkalisha baba kwenye nyasi mbele yetu.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu, Bwana. Mimi nilifunga tu."

"Nani amekutuma?"

Niliogopa watamchukua. Mama alinishika bega akanivuta karibu naye.

Aliyetuokoa ni fundi wa redio, Mhindi kutoka mjini. Alipanda, akakata zile kanda, akakuta waya umebonyea chini yake. Akashuka na kile kipande, akakipasua kwa kisu cha moto. Hapo ndipo nilipoinusa harufu ile kwa mara ya kwanza.

"Tazama, Mzee," alimwambia baba, akichuchumaa karibu naye. "Waya hii ya katikati inabeba maneno. Hii nyingine imesukwa kama kikapu, inazunguka yeye, inazuia kelele ya nje isiingie. Hii nyeupe iko kati yao, inaachanisha wao sawasawa kutoka juu mpaka chini. Sasa jua imelainisha hii nyeupe, ngozi yako imefinya, hao wawili wamegusana. Maneno haifiki juu."

"Kwa hivyo nimekaza sana," baba alisema.

"Umekaza sana, Mzee." Kisha akawageukia polisi. "Hakuna mtu ameharibu. Ni ngozi tu."

Baba hakufungwa. Lakini Bwana Kofia alisema hawezi tena kulala usingizi na mtu huyo shambani, na kabla mvua hazijaanza tulikuwa njiani kwenda Timboroa kwa mjomba, tukiswaga ng'ombe wetu kwenye baridi. Sikumsikia baba akilitaja shamba lile tena mpaka alipofariki.

Kwa miaka mingi nilidhani ni aibu ya kuharibu kitu cha watu. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na naona vingine, na inaniuma. Waya ule waliupasua wakautazama mpaka ndani. Baba walimwuliza nani alimtuma, wakarudia na kurudia, lakini hakuna aliyemwuliza kwa nini alitumia ngozi ya fahali wake mwenyewe, ilhali ghala la Bwana lilikuwa limejaa kamba za katani. Alidhani waya ule ukidumu, nasi tutadumu pale.