Oti Mbele ya Wenye Maziwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo miguu yangu inaikumbuka kuliko kichwa changu. Nilikuwa barobaro, naendesha baiskeli ya keria pana kutoka malisho yaliyo nyuma ya Minjila kwenda Garsen, na nyuma yangu nimefunga madumu ya maziwa kwa mpira wa tyubu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mweusi ulikuwa bado umeshika magurudumu. Kabla sijaufikia mji, miguu ilikataa. Haikuuma, ilikataa tu, kama punda aliyekwisha kuamua. Macho yaliingia kiwi, nikashuka na kuketi kando ya barabara, baiskeli nimeiegemeza begani ili madumu yasianguke.

Maziwa hayamsubiri mtu. Jua la kwetu likishapanda, yanaanza kuchacha humo humo dumuni. Siku hiyo yalifika mjini yamebadilika, na mama wa hoteli aliyekuwa akiyanunua akayakataa. Hasara haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya akina mama wa Kiorma waliokamua alfajiri na kunikabidhi riziki yao. Mkubwa wao, Mama Hawa, ndiye aliyekusanya maziwa ya wenzake wote. Hakunigombeza. Aliyamwaga yaliyoharibika, akasuuza dumu, akasema, "Ikiharibika tena, mimi nampa mzigo Komora wa pikipiki. Si ubaya, kijana. Watoto wanakula hii."

Afadhali angenipigia kelele. Shamba letu la kule Kulesa lilikuwa limemegwa na mto, na kazi hiyo ya maziwa ndiyo iliyonileta kukaa kwa shangazi yangu Minjila. Nikiikosa, nilikuwa sina pengine pa kushika.

Sasa nikueleze kilichoniangusha, maana haukuwa ugonjwa. Sisi wachukuzi wa maziwa tulikuwa na desturi yetu: mdomo mkavu mpaka dumu likabidhiwe. Ukila chochote njiani, hasa kitu cheupe, watu watasema umekunywa maziwa ya wenyewe kisha ukajazia maji ya mto. Basi kijana anayejali jina lake aliondoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi, pengine na andazi moja kama ana bahati. Tulijisifu nayo njaa hiyo. Tulisema tumbo tupu ni baiskeli nyepesi. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba njaa ni mwana malegeza, lakini kijana akishapanda baiskeli masikio huyaacha nyumbani.

Shangazi yangu, Hadhi jina lake, alinitazama nilivyorudi siku ile. Yeye alikuwa na maradhi ya sukari, na kliniki walikuwa wamemshauri apunguze ugali mkubwa wa usiku na ale oti asubuhi. Unaijua oti: nafaka inayopondwa ikawa vipande vyembamba, kama pumba ukiitazama kwa haraka. Mtaani kwetu iliitwa chakula cha wagonjwa. Ukimwona mtu katoka dukani na pakiti ya oti, ulimpa pole.

Asubuhi iliyofuata akanisogezea bakuli.

"Shangazi, hicho si chakula cha wagonjwa?"

"Na wewe uliyelala barabarani na maziwa ya watu," akasema, "ndiye mzima?"

Nikala. Nilitaka kukwambia kwamba niliipenda tangu kijiko cha kwanza, lakini uongo haumfai mzee. Kijiko cha kwanza kilikuwa laini mno, nikaona kama nimemnyang'anya mtoto uji wake. Cha pili nikasikia ladha: kitu kama ufuta uliokaangwa kidogo, na chumvi kwa mbali. Shangazi alikuwa na mkono wa kuipika. Maji yachemke kwanza, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kisha oti inyunyizwe huku mwiko unazunguka, na moto upunguzwe. Asiyeupunguza moto hupata gundi. Maziwa ya mbuzi wake aliyatia mwisho, kidogo, yasichemke sana. Mimi sikuwa na sukari mwilini ya kuogopa, kwa hiyo akanikatia ndizi mbivu juu yake, ile ndogo ya kingo za mto, na msimu wa maembe akanikatia embe. Mpaka leo sijaona karamu inayolishinda bakuli lile kwa mtu anayengojwa na barabara.

Na barabara yenyewe ikanithibitishia. Unajua moto wa makuti: unaruka juu, unaangaza nyumba nzima, na maharagwe hayajatokota umekwisha. Ndivyo ilivyo chai tamu na andazi kwa mwendesha baiskeli. Oti ni gogo la mkwaju. Halina makeke, linawaka chini kwa chini, na ukirudi baadaye bado unakuta kaa. Nilipanda, nikakanyaga pedali, nikangojea miguu ikatae pale ilipokatalia. Nikapapita. Nikaliona tuta la kuingilia mjini, nikalipanda nikiimba. Maziwa yalifika yangali na uvuguvugu wa ng'ombe.

Hapo hadithi ingekwisha kama vijana wangekuwa na adabu. Komora, yule wa pikipiki, alikuwa na duka la maneno mdomoni. Siku moja alipita kwa shangazi akanikuta na bakuli, na kituo kizima cha wachukuzi kikajua.

"Mgonjwa wetu kaamkaje?" alikuwa akiniuliza mbele ya watu. "Umemeza uji? Daktari amekuruhusu kupanda baiskeli au tukubebe?"

Wenzangu walicheka mpaka wakashika vyuma vya baiskeli zao. Nami, badala ya kucheka nao, nikaona haya. Nikamwambia shangazi anitilie oti yangu ndani ya kopo lenye kifuniko. Nikawa nabeba kopo chini ya shati, napakia madumu nikiwa na njaa yangu, halafu mbele ya safari najiingiza nyuma ya kichaka cha mikoma, ile mitende ya porini, nachuchumaa, nakula upesi upesi kama fisi, napanda tena.

Wewe unacheka. Lakini fikiri anayepita barabarani anaona nini.

Mama Hawa alikuwa akienda mjini asubuhi moja, nyuma ya pikipiki ya Komora. Waliiona baiskeli yangu, maana madumu Mama Hawa aliyajua kama anavyojua ndama zake, imeegemezwa kwenye mkoma na mwenyewe hayupo. Pikipiki ikasimama. Nikatokea kichakani nikifuta mdomo kwa mkono, na mdomo wenyewe mweupe mpaka kwenye masharubu machache niliyokuwa nayo.

"Wewe," akasema Mama Hawa. Hakupaza sauti. "Maziwa ya watu unakunywa?"

Mwanangu, jibu lilikuwa jepesi na lilikuwa la kweli. Ningesema tu: hapana mama, hii ni oti yangu. Lakini nikamtazama Komora, naye alikuwa ameegemea usukani wa pikipiki akinitazama kwa hamu, nami nikafuta mdomo tena badala ya kujibu. Hebu ona jinsi haya inavyoweza kumpotosha mtu. Nilikuwa karibu kukubali kuitwa mwizi kuliko kuitwa mgonjwa.

Mama Hawa alishuka. Akaligonga dumu la kwanza kwa kiganja, akasikiliza. Akagonga la pili. Akafungua kifuniko, akanusa, akatazama mpaka wa maziwa shingoni mwa dumu. Yalijaa. Akafikiri, kwa haki kabisa, kwamba nimekwisha kujazia maji.

"Nilikwambia juu ya Komora," akasema taratibu, na mkono wake ukaanza kufungua mpira wa tyubu.

Nilipouona ule mpira ukilegea, haya ikanitoka. Nikakimbilia kichakani nikarudi na kopo langu. "Mama, tazama. Ni hii. Ni uji wa oti."

Akachovya kidole, akaonja. Akachovya tena. Komora aliacha kutafuna mswaki wake.

"Mimi nimelea ng'ombe tangu mtoto," akasema hatimaye. "Maziwa ya ng'ombe wangu najua. Hii iko na maziwa ya mbuzi wa shangazi yako, na ndizi. Tamu." Kisha uso wake ukakunjana. "Sasa kwa nini unakula kichakani? Mtu anakula kichakani ni mwizi au ni fisi. Wewe ni nani kati yao?"

Komora akacheka. Mama Hawa akamgeukia. "Na wewe unacheka nini? Huyu ana chakula tumboni. Wewe uko na petroli ya pikipiki tu. Pikipiki ikizima leo, utafika wapi?"

Halafu akakaza mpira wa tyubu mwenyewe, akauvuta mpaka ukalia, na akanipa lile karipio ambalo nimelibeba mpaka mvi hizi. "Chakula si aibu, kijana. Mtu mwaminifu hampi jirani kazi ya kumshuku. Kesho utakuja zizini na kopo lako. Utakula mbele yetu, kabla hatujafunga madumu. Ukishamaliza, utanawa mdomo, ndipo tutakupa mzigo."

Nilikwenda. Asubuhi hiyo niliogopa kuliko siku ile miguu ilipokataa, kwa kuwa akina mama wote walikuwapo na vibuyu vyao, na habari ilikuwa imewafikia. Nikafungua kopo. Nilikuwa nimeileta oti nzito, haina maziwa, makusudi, ili kusiwe na neno. Mama Hawa akaitazama, akatikisa kichwa, akainua kibuyu chake kilichofukizwa moshi wa mti na kunimiminia mwenyewe. Mama wa pili naye akaongeza. "Kula," wakasema, "usituangushie mzigo." Mwanangu, oti yenye maziwa ya moto yenye harufu ya moshi! Nilikula mbele ya macho yote yale na hakuna aliyecheka, ila mtoto mmoja aliyetaka kuonja.

Toka hapo ikawa desturi zizini: mchukuzi hula kwanza, hadharani, na wenye maziwa ndio humtilia. Ile sheria yetu ya mdomo mkavu ilikufa bila mazishi. Kazi nilidumu nayo miaka mingi, na Komora alipochukua mzigo wa kijiji cha mbele, naye akaja na kopo. Sikumuuliza hali ya daktari wake. Basi, nilimuuliza mara moja tu.

Sasa nawaona ninyi mnaoamka mapema kwenda shule kwa baiskeli, na ninyi wa mashindano ya baiskeli ya Jumapili, mnaondoka na chai ya rangi na kujigamba. Nakusihi, mwanangu: kula kabla hujakanyaga. Kama una oti, ipike polepole, itie chumvi kidogo, weka tunda la msimu, na uipe muda itulie tumboni kabla hujapanda. Safari ikiwa ndefu, chukua nyingine ndani ya kopo. Kama huna oti, uji wa mtama au kiporo cha wali wa jana si haramu. Ninachokukataza ni njaa ya majivuno. Na unachokula, ukile mbele za watu, hata wakikipa jina baya. Majina huchakaa, nguvu ya chakula hubaki mwilini. Kazi ya mikono ya wengine ikikabidhiwa kwako, usiache hata kichaka kimoja kikae kati yako na wenyewe.

Mungu akupe hamu njema ya kula kila asubuhi, na watu wa kukuongezea maziwa bila kuombwa. Njia yako iwe kavu, upepo uwe mgongoni mwako, na ulichobebeshwa kifike kingali kitamu.