Nilimimina Mawese Kwenye Giaboksi, Nikamsingizia Dereva

Ndugu msomaji, mwenye kosa ni mimi. Sina wa kugawana naye, na nimechoka kulibeba.

Miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru nilikuwa fundi magari Rumonge, na nilikuwa na mdomo! Nilikuwa nimewahi kutengeneza kigari kimoja cha otomatiki, kile cha mikanda ya mpira inayojibana na kujilegeza yenyewe. Nikajiona nimehitimu. Watu wakiniuliza, nawajibu kwamba otomatiki zote ni ndugu.

Basi tajiri mmoja wa mawese akanunua gari kubwa la Kimarekani kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Hilo halikuwa na mikanda. Ndani ya giaboksi yake, kazi ya klachi ilifanywa na mafuta, mafuta maalumu, mepesi, mekundu.

Siku moja nikakuta yamepungua. Mjini hayakuwepo, ilibidi kuagiza Bujumbura na kungoja. Mimi ningoje? Nikatazama rangi yake, nikatazama pipa la mawese pale uani kwa tajiri. Nyekundu kwa nyekundu. Nikamimina.

Ee Mungu wangu! Hata mtoto anayetumwa jikoni anajua mawese huganda kukiwa na baridi na huungua moto ukizidi.

Gari lilizunguka mjini siku mbili. Siku ya tatu dereva wa tajiri, rafiki yangu Ramadhani, akalipeleka Bujumbura. Kabla ya kufika Kabezi injini ikawa inanguruma tu, gari haliendi. Likarudi likivutwa na lori.

Nilifungua giaboksi peke yangu, nikaisafisha haraka, ndipo tajiri akaja kuuliza habari za bwate, yaani hiyo giaboksi.

"Fundi, hii bwate iko na shida gani?"

"Ni mguu wa Ramadhani, patron. Alizoea gari la klachi. Ule wa kushoto unatafuta klachi, unakanyaga breki, na wa kulia unakanyaga mafuta. Bwate inaungua."

Uongo mtupu! Lakini uliaminika, maana madereva wengi walikuwa na tabia hiyo kweli. Ramadhani akafukuzwa palepale.

Jioni alikuja kwangu. Hakuja kugombana.

"Fundi, wewe unajua hizi mambo. Ni kweli iko mguu wangu? Mimi sikusikia kama nakanyaga."

"Iko mguu wako, Rama."

"Haya. Murakoze."

Alinishukuru! Nilijipa moyo kwamba nitamwambia ukweli akipata kazi nyingine. Hakupata. Nani angempa gari mtu aliyeharibu gari la tajiri? Akawa kibarua wa kubeba ngazi, ile mikungu ya chikichi, kwenye mashamba ya michikichi Kizuka. Mimi nilikuwa nampungia mkono nikimwona barabarani, basi.

Ikaja 1972, mwaka wa mauaji. Wengi wa pwani yetu walikufa, na waliobahatika wakavuka ziwa. Yeye na familia yake wakaishia Uvira.

Miaka mingi baadaye binti yake alikuja Rumonge kusalimia ndugu. Akaniambia kwamba huko Uvira baba yake alipewa kazi ya kuendesha lori, lori la kawaida la klachi, akakataa.

"Alisema mguu yake haimusikilize, ataua watu. Tulikula njaa, lakini alikataa mpaka amekufa."

Nami nikanyamaza. Hata mbele ya yule mtoto nikanyamaza!

Fundi unayenisoma, ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama utafukuzwa. Gari lile lilipata giaboksi nyingine, likaendelea kutembea. Rafiki yangu nilimnyang'anya mguu, na yeye akanishukuru.