Fulbeki wa Kulia, Timu ya Kinu cha Unga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipakia magunia ya unga kwenye behewa mpaka saa sita. Kisha nyapara akaniambia niweke gunia chini nimfuate nyuma ya ghala, kwa sababu kazi niliyoandikiwa ilikuwa bado haijaanza. Huko nyuma palikuwa na uwanja wa murramu wenye magoli ya mkaratusi, na katikati yake amesimama mtu mwenye kifua kipana, filimbi shingoni. Huyo alikuwa Sajenti Wafula, mwalimu wa timu. Alikuwa amepigana Burma, na mpira aliufundisha kama vita.

Nyinyi mnaotazama wachezaji wa kulipwa kwenye televisheni mtashangaa, lakini Nakuru ya miaka ya hamsini hakukuwa na Mwafrika aliyeandikwa kazi ya mpira. Kampuni ndizo zilizoshindana, maana mameneja walipenda kutambiana kwenye klabu yao. Basi golikipa wetu aliandikwa bawabu, wingi, yaani mshambuliaji wa pembeni, akaandikwa tarishi, mimi nikaandikwa mpakiaji. Ukicheza vizuri ulipewa chumba cha mawe na nyama ya Jumamosi. Ukicheza vibaya ulibaki na magunia.

Nilitoka Kuresoi, kwenye shamba la pareto ambako baba yangu alikuwa skwota, yaani aliishi na kulima kipembe cha ardhi ya mzungu kwa kumfanyia kazi. Mimi nilisimama kwenye mlango wa josho kuzuia ndama wasirudi nyuma wakiona dawa. Jumapili tulicheza mpira wa matambara. Meneja wa kinu alikuja kuangalia ngano, akasimama kututazama, akaniita kwa Kiswahili chao cha walowezi: "Wewe iko kama mlango. Kesho nakuja Nakuru." Kesho yake nikaenda.

Enzi hizo timu ilikuwa na washambuliaji watano mbele na watu watatu katikati. Nyuma, mbele ya golikipa, tulibaki wawili tu: fulbeki wa kulia na fulbeki wa kushoto. Tulicheza pekupeku, vifundo vimefungwa bendeji. Mpira ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha ulikunywa maji ukawa mzito kama jiwe, na ukiupiga kichwa penye kamba ulirudi nyumbani na alama kwenye paji la uso.

Somo la kwanza la Sajenti nalikumbuka lote. Aliniwekea wingi wetu mbele yangu, naye wingi akanipita mara zote akiniacha nimekaa chini.

"Unaangalia nini, wewe?"

"Mpira, Afande."

"Mpira unadanganya. Miguu yake inadanganya, hata macho. Angalia kiuno. Hakuna mtu aliyewahi kwenda mahali akaacha kiuno chake nyuma."

Somo la pili lilihusu kufunika. Fulbeki mmoja akitoka kumkabili mtu, mwenzake hamfuati. Anarudi katikati kulinda nafasi iliyoachwa wazi, ili mwenzake akipitwa, adui amkute mtu mwingine. "Mmoja anaenda, mmoja anafunika," Sajenti alisema. "Na anayefunika haombwi. Anaona mwenyewe."

Fulbeki wa kushoto alikuwa Mwangi, fundi wa mikanda ya mashine kinuni. Alikuwa mfupi, mwepesi, na mdomo wake haukupumzika uwanjani. "Nenda, Kiplagat! Niko! Rudi, rudi!" Vyumba vyetu vilipakana, na mkewe Wanjiru alinipikia kana kwamba mimi ni shemeji yake wa kuzaliwa. Misimu miwili wafungaji walituogopa mpaka Gilgil.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni na kumshuku kila Mkikuyu. Asubuhi moja lori liliingia kinuni, Wakikuyu wote wakaitwa waketi chini, wakapelekwa mmoja mmoja kuulizwa maswali. Baadhi walirudi kazini. Mwangi hakurudi. Alifungiwa kwenye kambi ya seng'enge nje ya mji, na hakuna aliyetuambia kosa lake. Wanjiru alibaki chumbani na mtoto wa mgongoni.

Ilitokea kwamba tulikuwa tumeingia fainali ya kombe, dhidi ya timu ya kiwanda cha maziwa. Meneja alitaka kombe lile kuliko kitu chochote. Alimwendea Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, ambaye walicheza tenisi pamoja, akarudi akicheka. Mwangi angeletwa acheze, kisha arudishwe kambini.

Sajenti aliniita kando. "Ataletwa na askari wawili wenye bunduki. Wameambiwa akikimbia wapige. Umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

Mwangi alishuka kwenye lori amekonda, kichwa kimenyolewa, ananuka dawa ya chawa. Hakutusalimu. Aliuliza tu, "Wanjiru amekuja?"

Alikuwa amekuja. Askari waliwaweka wanawake wote upande mmoja wa uwanja, kando ya ua wa miiba wa kayaba, wakawakataza kusogea. Upande huo ndio uliokuwa wa fulbeki wa kushoto kipindi cha kwanza.

Mchezo ulipoanza nilidhani Mwangi amesahau mpira. Kila ulipomfikia aliupiga nje, upande ule ule wa kayaba, kisha akaenda kuuokota mwenyewe polepole. Watu wakaanza kuzomea. Ndipo nilipoona kwamba kila anapoinama kuokota, Wanjiru anasema neno, naye anajibu neno. Maneno mawili, matatu, kisha refa anapiga filimbi.

Wakati wa mapumziko nilimletea chungwa. Aliliweka chini bila kulimenya.

"Hajamaliza kuniambia," alisema.

"Kukuambia nini?"

"Wanapelekwa. Wanawake wote wa Kikuyu wanapakiwa treni kesho, wanarudishwa ati kwao. Kwao wapi, Kiplagat? Mimi nimezaliwa Njoro, yeye amezaliwa Molo. Kama sijui anashukia kwa nani, nitamtafutia wapi?"

Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Fulbeki wa kushoto angehamia upande wa pili, mbali kabisa na ua. Upande wa wanawake ungekuwa wangu.

"Chukua kulia," nilimwambia. "Mimi nitacheza kushoto."

"Mguu wako wa kushoto ni kijiti."

"Najua. Chukua kulia."

Hatukumwambia mtu. Sajenti alituona tumebadilishana, akaweka filimbi mdomoni, akaitoa tena.

Muda si mrefu mpira ulipigwa juu ukavuka ua, ukaangukia kwenye mahindi ng'ambo. Mwangi akaufuata. Palikuwa na pengo kwenye kayaba, na Wanjiru alikuwa amesimama karibu yake. Mwangi akapenya, akapotea. Askari mmoja akapiga kelele, akainua bunduki.

Nilikata uwanja mbio. Sikufikiri. Nilifanya nilichofanya kila Jumamosi: niliona nafasi wazi, nikaenda kusimama hapo. Nafasi yenyewe ilikuwa kati ya mdomo wa bunduki na lile pengo.

"Ondoka hapo!"

"Amekwenda kuchukua mpira, Afande."

"Nimesema ondoka!"

"Anarudi."

Sikuwa na hakika kwamba anarudi. Mahindi yalikuwa marefu, na nyuma yake kulikuwa na reli. Nilimwangalia askari yule kiuno, kwa mazoea tu, na niliona hata yeye amesimama vibaya, kama mtu asiyetaka kusonga.

Mwangi akatokea kwenye pengo, uso umechanwa na miiba, mpira kwapani. Akanipita bila kunitazama. "Ndeiya," alisema. "Kwa Kariuki, mchoma makaa."

Tulifungwa bao moja. Wingi wao aliniona sina mguu wa kushoto, akanizunguka kama mti. Filimbi ya mwisho ilipolia askari walimpandisha Mwangi kwenye lori, na lori likaondoka.

Meneja alikuja uso mwekundu. "Nani nabadilisha fulbeki?"

Nilifungua mdomo. Sajenti akanitangulia. "Mimi, Bwana. Nilitaka kujaribu."

Wiki hiyo hiyo aliondolewa kwenye timu akawekwa langoni kufungulia malori. Nilimpelekea chai, nikamuuliza kwa nini alijitwisha lawama isiyo yake.

"Nilikuona umekwenda," alisema. "Nani alibaki nyuma yako?"

Mimi nilibaki kinuni msimu mmoja zaidi, kisha nikahamia Naivasha, kwenye shamba moja kubwa la ng'ombe kando ya ziwa, karibu na Kamere ya leo. Mkubwa wetu huko alikuwa meneja msaidizi, tuliyemwita Bwana Mdogo, mtu mpole asiyejua ofsaidi. Uwanja tuliutumia pamoja na viboko wa ziwani. Usiku walipanda kula majani, asubuhi tulikuta mashimo ya nyayo zao. Niliingia katika moja la mashimo hayo nikimkimbilia wingi, goti la kulia likageuka. Daktari alilikunja, akalikunjua, akaniambia nitafute kazi ya kukaa. Ufulbeki wangu ukaishia hapo. Nilifanywa karani wa maziwa, na karani nilibaki mpaka nilipostaafu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini watu walianza kutoka kambini. Siku moja niliitwa kwenye lango la shamba. Alikuwa Mwangi, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati, na Wanjiru, na msichana mkubwa wa kutosha kunisalimia kwa mkono. Mwangi alikuwa ameachiliwa, akaenda moja kwa moja Ndeiya, akauliza nyumba ya mchoma makaa. Tulikunywa chai. Hakunishukuru wala sikutaka anishukuru. Alitazama goti langu akasema, "Sasa mguu wa kulia nao umekuwa kijiti," tukacheka mpaka Wanjiru akatukemea.

Sasa nimezeeka, na vijana wa hapa wakisikia nilicheza mpira huniuliza nilifunga mabao mangapi. Nawaambia sikufunga hata moja, na naona wananihurumia. Beki hana cha kuonyesha. Kazi yake ni mambo ambayo hayakutokea, na hayo hakuna anayeyapigia makofi. Lakini wakiniuliza mechi niliyocheza vizuri kuliko zote, sisiti: ni fainali ile, tuliyofungwa kupitia upande wangu.