Bafu la Hugues lililoota majani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mangobo, jijini Kisangani. Hugues, fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja, amesimama uani kwake, taulo kiunoni, ndoo ya maji ya moto mkononi, na hana mahali pa kuoga.

Bafu lake linang'olewa.

Anayeling'oa ni dada mkubwa wa mke wake, Philomène, mkulima wa mihogo kutoka upande wa Yanonge. Anashika mti mmoja wa ukuta, anautikisa, anauvuta. Unatoka na mizizi myeupe chini na majani mabichi juu. Anaukagua kama nesi anayemruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, kisha anaulaza juu ya wenzake.

"Mama bokilo," anasema Hugues, kwa neno ambalo watu wa huku humwitia mkwe kwa heshima, "acha ata ukuta moja tu. Nijifiche nyuma yake."

"Utaoga kesho. Leo muhogo inarudia nyumbani."

Majirani wameshajipanga nje ya ua. Si kila siku mtu anavuna bafu.

Philomène ana miaka arobaini na saba, watoto watano, na shamba kwenye ukingo wa chini wa mto Kongo. Udongo wa pale ni mzuri kwa sababu mto huupitia. Shida ni kwamba siku hizi mto unapita bila hodi.

"Zamani tulijua mwezi ya maji," anasema. "Sasa mvua inakuja wakati inapenda, kama mugeni mwenye hana haya."

Mwishoni mwa 2019 maji yalipopanda, kijiji kilifanya jambo lililoonekana la busara: kiling'oa mihogo yote na kuila. Miti yake ikaachwa, ikaoza. Maji yalipopungua hapakuwa na kitu cha kupanda, maana muhogo hupandwa kwa vipande vya mti wake.

"Muhogo haina mbegu ya kuweka mu chupa," Philomène anaeleza. "Tulitembea siku mbili kuomba miti kwa bantu ya vijiji ingine. Tulipanda kidogo, tena tulichelewa. Zaidi ya mwaka tulikula mara moja kwa siku. Mutoto yangu ya mwisho akaniuliza: mama, Kwaresima ya mwaka huu haiishe?"

Ndiyo maana mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipokuja, alikuwa ameshaamua. Ndani ya mtumbwi wa mumewe Dominique, mvuvi, palibaki nafasi ya mzigo mmoja mkubwa: godoro la ndoa, au mafungu kumi na mawili ya miti ya mihogo.

Dominique alishika godoro. Philomène alishika mafungu.

"Nikamuambia: Dominique, matela haiote."

Godoro likaenda na maji. Kijiji kilicheka mpaka kikasahau kukimbia. "Philomène iko anakimbiza kuni!" walipiga kelele, kila mmoja na sufuria yake kichwani.

Familia ililala wiki saba kwenye sakafu ya shule iliyoko mlimani. Mafungu yalipanda boti hadi Kisangani, yakapandishwa toleka, baiskeli ya abiria, hadi kwa mdogo wake Chimène, mke wa Hugues. Mtu wa boti alipewa maagizo kwa mdomo: miti iwekwe kivulini, isikauke.

Chimène, kwa bahati mbaya, alikuwa Banalia kwenye matanga. Mtu wa boti alikuwa na haraka. Hugues aliambiwa neno moja tu: vimetoka kwa bokilo wako.

"Kitu ya bokilo hauulize maswali," Hugues anajitetea. "Unasema merci, unatumia."

Na matumizi yalikuwepo. Turubai la bafu lake lilikuwa limechanwa na mvua ileile, na majirani walikuwa wameanza kumfahamu kupita kiasi. Akachimba mtaro, akasimika miti mistari miwili, imebanana vizuri. Bafu likapendeza. Akamshukuru Mungu kwa kumpa bokilo anayeona mbali.

Februari 2024 maji yaliondoka, Philomène akaja kuchukua miti yake.

"Miti gani?" Chimène alimuuliza, akimwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, ile kuni Hugues alijengea bafu?"

Philomène alikaa chini mavumbini, pale pale mlangoni.

"Nilijiuliza," anasema, "nitamuambia Dominique nini? Matela yake nimetupa. Miti nimepoteza. Watoto tano banangojea. Kwaresima ingine, donc."

Halafu akainua macho kuelekea nyuma ya nyumba.

Bafu lilikuwa limeota majani. Karibu kila mti ulikuwa umechipua. Hugues huoga mara mbili kwa siku, kama mtu mwenye dhambi nyingi, na maji yake yote yalikuwa yakimwagikia kwenye mizizi.

Philomène alisimama akakimbia. Alisahau kwamba mbele ya bokilo mtu hata shati havui. Alipenyeza mikono ukutani akaanza kuhesabu miti iliyo hai kwa sauti. Ndani, Hugues alikuwa amejaa povu toka kichwani hadi miguuni, akiimba wimbo wa kanisani.

"Niliona vidole vinaingia mu ukuta," Hugues anakumbuka. "Nikalia: ni nani? Yeye akajibu: ni miye bokilo, endelea kuoga, usiache, ongeza maji!"

Kati ya miti mia tatu, zaidi ya mia mbili na sitini ilikuwa hai. Kila mmoja ukakatwa vipande vinne, shamba likarudi. Waliocheka wakaja mmoja mmoja, kwa adabu, kuomba kuni zile. Philomène aliwapa wote, kwa sharti moja: "Cheka kwanza, kisha nikupatie."

Sasa kila Oktoba, yeye na wanawake wengine kumi wa kijiji hupeleka miti Mangobo kabla ya mto kuvimba. Nyua tisa zina mabafu ya mihogo. Kodi ya mwenye nyumba ni majani: anachuma kidogo kidogo, anapika pondu, mboga ya majani ya muhogo. Bwana kilimo mmoja aliyewatembelea alisema kusimika miti ardhini, penye kivuli na maji kidogo, ndiyo njia bora ya kuihifadhi. Kuhusu sabuni hakusema lolote.

Novemba iliyopita maji yalipanda tena, yakafika magotini ndani ya nyumba. Dominique aliuliza swali moja: miti imekwenda? Imekwenda. "Bon," akasema, "sasa tubebe matela." Ni godoro jipya, lililonunuliwa kwa kuuza kwanga, mikate ya muhogo, za mavuno ya kwanza.

Philomène anafunga fungu la mwisho. Mkuu wa kijiji amemkatia kiwanja juu, karibu na shule, mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Anataka kupanda huko shamba la miti tu, la kijiji kizima.

"Siku ile," anasema, "Tonton Hugues ataoga kwa amani."

Hugues ameweka ndoo chini. Maji yameshapoa.

"Na pondu yangu, mama bokilo?" Anafikiri kidogo. "Uniletee ata ukuta moja. Ile ya upande wa barabara."

Philomène anacheka. Anachomoa mti mmoja kutoka kwenye fungu, anaukata kipande kwa panga, anakichomeka pale bafu lilipokuwa limesimama.

"Anzia na hii," anasema. "Sasa mwaga maji yako."