Kawa Lililomvusha Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye televisheni, Mkuu wa Uhariri alinikalisha mbele ya mashine za kanda, akanionesha picha mbili.

"Kati ya hii na hii, Bi Rukia, unaona nini?"

"Sioni kitu, Mkuu."

"Basi hapo ndipo utakapofanyia kazi."

Nilianzia kwenye habari, ambako mkato mkavu, yaani kuruka moja kwa moja kutoka picha hadi picha, ulitosha. Nilipohamishiwa michezo ya kuigiza nikajifunza kufifisha picha kuonesha muda umepita, na kutanguliza sauti ya mahali tuendako kabla hatujapaona. Kompyuta zilipokuja zilileta madoido tele: nyota zinapasuka, kurasa zinajikunja. Vijana waliyapenda mno. Mimi nilitaka kujua mtazamaji anapata nini.

Nilipofika cheo cha Mhariri Mkuu, nikakabidhiwa filamu ya Mwanaidi, binti wa kisiwa cha Tumbatu anayemwacha mama yake kwenda mjini kujifunza cherehani. Kuagana kwao na safari ya kuvuka bahari vilikuwa kwenye kadi moja ya kamera, nayo ikatumbukia baharini. Mwigizaji wa Mwanaidi keshasafiri ng'ambo, na watu wa Mkokotoni, pwani inayotazamana na Tumbatu, washaalikwa kuitazama.

Mkurugenzi wa filamu aliingia chumba changu cha uhariri kanyong'onyea. "Filamu ishakufa, Bi Rukia. Mtu yuko Tumbatu, kufumba na kufumbua yuko mjini Michenzani?"

"Niachie leo," nikamwambia.

Nilipekua picha zote zilizobaki. Katika moja, mama anafunika sinia la samaki kwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Katika nyengine, Mwanaidi anafunua chakula chake kwenye fleti ya Michenzani, naye ana kawa. Nikakata pale kawa linapogusa sinia, nikaunga pale linapoinuliwa. Chini yake pana kipande cha mkate tu. Sauti hunaswa kwa chombo chake, mbali na kamera, kwa hiyo maneno ya mama ya kuagana yalikuwa salama. Nikayapitisha juu ya picha zote mbili: "Ule, mwanangu. Usilale na njaa."

Mkurugenzi alitazama. "Rudisha." Nikarudisha. "Wallahi, bora kuliko nilivyopiga mimi!"

Siku ya onesho Mkokotoni, kina mama kutoka Tumbatu walikaa mbele. Kawa likashuka, likainuka. Kisha mmoja akapaza sauti: "Jamani, kashafika mjini! Anakula peke yake, maskini!" Hakuna aliyeuliza kavuka vipi. Ilipomalizika, vigelegele vilinifuata hadi nje.

Sasa nshastaafu, na vijana huniletea kazi zao nyumbani, mtaa wa Amani. Mhariri hatazami filamu kama watu wengine; macho yake huwa pale picha zinapoungwa. Juzi binti mmoja alinionesha filamu yake ya kwanza. Ilipokwisha akaniuliza kwa woga, "Mikato yangu umeionaje, Bi?"

Nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Sikuuona hata mmoja.